Kipandikizi cha jino kikishindwa: maswali na majibu

Kipandikizi changu kinacheza nikikigusa kwa ulimi. Kinaweza kukazwa?
Inategemea kinachocheza. Skrubu ndogo inayoshika jino bandia juu ya kipandikizi hukazwa au hubadilishwa. Kikiwa ni kipandikizi chenyewe, yaani kile kilichozamishwa kwenye mfupa wa taya, kitolewe. Mfupa haujakishika, na ukichelewa unazidi kuliwa.

Kimetolewa, nimewekewa unga wa mfupa wa kujaza pengo na kupewa meno bandia ya muda, ya kuvua. Kidonda kinauma nikiyavaa. Nivumilie?
Usivumilie hata siku moja. Meno hayo ni ya sura na maneno, si ya kutafunia upande wenye kidonda. Akriliki, yaani plastiki ya meno hayo, inayopita juu ya kidonda inatakiwa kuchongwa ndani hadi ibaki nafasi ya milimita 1 hadi 2, na isiguse fizi hata ukiuma meno. Uzito ubebwe na meno yaliyobaki na kaakaa. Ikikandamiza, damu haifiki vizuri, mshono unafumuka, utando unaofunika unga unachungulia, kisha unga wenyewe unatoka punje punje. Daktari apake krimu ya kupimia mgandamizo ndani ya meno bandia: inapofutika ndipo pa kuchonga. Uvimbe nao hula ile nafasi, kwa hiyo rudi ukaangaliwe tena hata kama siku ya kwanza yalikaa vizuri. Akiweka tabaka laini ndani ya meno hayo, uliza litabadilishwa lini, maana hukakamaa. Usiku vua.

Naweza kuyabana kwa gundi?
Si juu ya kidonda kibichi.

Niyasafishe kwa maji ya moto?
Hapana, akriliki hupinda. Maji baridi, sabuni ya kawaida na brashi laini.

Kwa nini nisiwekewe kipya siku hiyo hiyo?
Swali hili haliishi, na wanaoliuliza karibu wote hawasemi cha kwanza kilishindwa kwa nini. Palipo na usaha na mfupa uliolika, fizi huhitaji kama wiki 6 hadi 8 kupona, na unga wa mfupa kwa kawaida miezi 4 hadi 6 kukomaa. Kuweka siku hiyo hiyo kunawezekana kwa wachache wenye mfupa wa kutosha na mahali safi. Cha pili hushindwa zaidi kuliko cha kwanza, kwa hiyo sababu itafutwe kabla hujalipa: simenti ya kugandishia jino iliyobaki chini ya fizi, kusaga meno usingizini, kisukari kisichodhibitiwa, sigara. Anayekuahidi kipya bila kukuuliza hata moja kati ya hayo, mwache, tafuta daktari mwingine.