Je, hili linalofuata mkono wangu ni shairi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Niliingia kwenye maonyesho ya sanaa, chumba chenye giza, watu wanaingia mmoja mmoja. Herufi zilikuwa zikidondoka ukutani, na nikinyoosha mkono zinatua juu ya taswira yangu. Nilitoka moyo unanidunda, lakini hata mshororo mmoja sikuushika. Rafiki yangu anasema ule ni mchezo wa kompyuta tu. Mimi hutunga tarbia, na sasa natamani kutengeneza kitu kama kile. Ni ushairi kweli? Nianzie wapi?
Mtunzi wa vina

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Uliyoyaona ni ya ukoo wa Text Rain, kazi ya Camille Utterback na Romy Achituv ya mwaka 1999. Kamera inamnasa mgeni, picha yake inatokea mbele yake kama kiooni, na herufi zinashuka mpaka zikutane na kitu cheusi kuliko ukuta wa nyuma: bega, kiganja, hata mwavuli. Ukinyanyua mkono zinapanda nawe, ukiuondoa zinaendelea kuanguka. Na si herufi za kubahatisha. Zimetoka kwenye shairi la Evan Zimroth kuhusu mwili na lugha, na mwenye subira ya kunyoosha mikono huweza kukinga neno zima, pengine kifungu. Wengi huondoka na vipande, kwa hiyo usijilaumu kwa kutokariri.

Rafiki yako nampa nusu ya haki. Ziko kazi ambazo kamera ni pambo: mgeni asiposogea hapotezi kitu, na maneno yake yakichapwa karatasini hayana ladha. Hizo mimi huzipita. Lakini ifikirie Screen, ya Noah Wardrip-Fruin na wenzake, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Chuo Kikuu cha Brown. Msomaji anasimama katikati ya kuta zilizojaa maandishi ya kumbukumbu. Kwanza anasomewa. Kisha neno moja linabanduka na kumjia, analipiga kwa mkono lirudi. Linabanduka jingine, halafu mengine, kwa kasi inayozidi; mengine yanavunjika, mpaka mikono inashindwa na yote yanaporomoka. Hapo hakuna anayekueleza habari za kusahau, unasahau kwa mikono yako mwenyewe. Nadhani moyo wako ulidunda kwa sababu kama hiyo: shairi lilikuwa likikungoja wewe ndipo lisonge. Kama huo si ushairi, basi sijui rafiki yako anatafuta nini.

Sasa kazi yako. Usiige herufi zinazodondoka. Mizani yetu ni silabi, na silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwenye irabu. "K" ikitua begani haisemi kitu, "ka" inatamkika tayari. Basi pasua maneno kwa silabi. Tena una hazina kwenye hiyo tarbia: mshororo wa mizani 16, nusu ya kwanza, yaani ukwapi, 8 na nusu ya pili, yaani utao, 8. Weka ukwapi ukutani, kina cha kati kikining'inia, na utao usitokee mpaka msomaji asogee hatua moja. Sikio lililozoea vina haliwezi kuvumilia nusu ya mshororo, litaiburuta miguu. Akirudi nyuma, utao ufutike. Beti tatu zinatosha.

Ya mitambo nayapita haraka. Kamera ya kawaida ya kompyuta na projekta vinatosha kuanzia. Mtambo ukichelewa kuuitikia mwendo wa msomaji zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, mwili unaanza kushuku, kwa hiyo punguza mapambo kabla ya kutafuta mashine kubwa. Hakikisha kamera inamwona pia aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Na mlangoni andika waziwazi kama picha ya mgeni inahifadhiwa. Ushauri wangu isihifadhiwe, maana anayejua anarekodiwa huanza kujipanga kama yuko studio ya picha, na ukaribu wote umekwisha.

Kabla ya hayo yote, nitumie hizo beti tatu kwenye karatasi niusome utao. Ukiwa unatabirika, nani atasogea kuufuata?