Kabla hujanunua foki ya mtumba, pima shingo ya baiskeli yako kwanza

Nyie mnaoanza kubadilisha vitu kwa baiskeli za mlima, hebu niwaambie kitu mie nilikilipia elfu nane na mia tano.

Nilikuwa na fremu ya zamani ya size 26, siku moja niko soko la Kongowea, Mombasa, nikaona foki ya mtumba, ile miguu miwili ya mbele ishikayo gurudumu, nyeusi yang'aa, imeandikwa 29, haina hata mchubuko, nikalipa chapchap kabla mtu hajaniwahi nikavuka nayo feri ya Likoni nimeikumbatia kama mtoto. Fundi akaichomeka kwa chini ya shingo, lile tundu la mbele ya fremu, bomba la juu ya foki likapanda, likapanda, likagoma. Hakusema neno, akachukua rula tu.

Kumbe bomba la foki za kisasa nyingi ni jembamba juu, inchi 1⅛, halafu chini lanenepa hadi 1.5. Shingo ya fremu yangu ni 1⅛ juu mpaka chini, basi yaingia wapi? Kinyume chake chawezekana, bomba jembamba kwa shingo pana laingia ukiweka ringi ya kupunguzia, lakini hii yangu wapi. Na hata ingeingia, mwenyewe wa kwanza alikuwa ashalikata fupi, fremu yangu yataka refu zaidi. Hilo la kukatwa angalieni sana kwa mitumba, bomba likishakatwa halirudi.

Ukishamaliza shingo ndo uje kwa ekseli. Foki za zamani zachukua habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya upana wa milimita 100 na ekseli nyembamba ya kufunga kwa mkono, za siku hizi ekseli ni nene ya 15 na upana ni 100 au 110, hiyo 110 ndo waiita busti. Habu ya 100 kwa foki ya 110 kuna adapta, lakini habu ya 110 kwa foki ya 100 usijisumbue, haipanuki. Ndo maana mie sasa nasema foki na gurudumu nunua pamoja, au chukua gurudumu lako uende nalo sokoni, wacha wakucheke.

Size ya ringi usisome stika, soma ubavu wa taya, yaani tairi, kuna namba kama 57-559. Hiyo 559 ndo 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Gurudumu la 29 halikai kwa foki ya 26, na hata foki ya 27.5 taya laweza kugonga juu foki ikibonyea. Jaribu hivi: toa upepo wote kwa foki, ibonyeze mpaka mwisho, penseli ipite kati ya taya na kichwa cha foki, pale juu miguu yake inapoungana. Isipopita rudisha.

Kama breki zako ni za kubana ringi hapo pole, maana ukibadilisha size pedi hazifikii ringi, na foki nyingi mpya hazina hata pa kuzifunga. Disiki haijali.

Na ile tamaa ya foki ndefu, fremu ya foki inayobonyea milimita 100 kuitia ya 140, wacheni. Mbele yainuka, shingo yalala nyuma, ukipanda mlima gurudumu lapepesuka kama mlevi.

Ile foki yangu bado iko, mamangu aanikia matambara.