Mwalimu aliniuliza kama napiga lipu

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Rangi nzito kwenye picha ni ustadi au ni ubadhirifu?" Nimesoma swali, nikaweka jarida chini, nikaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi tangu jana. Nimerudi nikiwa bado nimeudhika kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Neno hilo la ubadhirifu niliwahi kuambiwa usoni na mtu niliyemheshimu, kisu cha rangi kikiwa mkononi mwangu. Nitafika huko. Kwanza niseme wazi kwamba swali lenu nitalijibu kwa upande. Ninyi mmeuliza habari ya ustadi, mimi nataka kuzungumzia raha, maana nashuku hiyo ndiyo inayowakera watu. Fundi akitumia mifuko mingi ya saruji na nyumba ikasimama, hakuna anayemnunia. Lakini mtu akitazama picha ambayo rangi imerundikwa, kabla ya kuona kitu chochote kingine anaona kwamba kuna mwenzake alikuwa anajifurahisha, tena kwa vifaa vya gharama. Hapo midomo inabetuka.

Na raha ipo, siikani. Waitaliano wanauita upakaji huo impasto, neno lililotokana na kukanda, na mkono wenyewe unakubali kwamba ndilo jina lake. Rangi ya mafuta ikitoka kwenye tyubu bila kutiwa tapentaini huwa na ubishi. Ukiichota kwa brashi ya manyoya magumu ya nguruwe, ukaivuta juu ya kitambaa cha kuchorea, inakukatalia kidogo kabla ya kukubali. Rangi ya maji hukimbilia inakotaka. Hii inakaa ulipoiweka. Brashi ikiondoka inaacha bonde katikati na kingo mbili zilizoinuka, kama jembe limepita, na zile kingo zinanasa taa ya chumbani, taa ya kweli inayowaka juu ya kichwa chako. Ukisogea hatua moja kushoto, mng'ao nao unasogea. Ndiyo maana nawaomba wanaohukumu rangi nzito kwa kuitazama kwenye simu wasubiri waone hata picha moja kwa macho yao. Kwenye simu matuta yote yamelazwa.

Sasa habari ya taulo.

Nilikuwa mwanafunzi wa jioni kwa mwalimu mmoja mzee, mtu wa matabaka membamba na subira ndefu. Picha zake zilikuwa laini kama kioo. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtazamaji asijue brashi ilianzia wapi wala iliishia wapi. Siku hiyo alitupangia kiti cha mbao, na juu ya mgongo wa kiti akatupa taulo jeupe. Basi, hakuna kingine. Jioni ya kwanza nilichora kiti, kikakubali. Taulo likagoma.

Asiyechora anaweza kudhani taulo jeupe ni kazi nyepesi. Ajaribu. Weupe wake ni wa namna nyingi: kuna weupe wa kibuluu ndani ya mikunjo, weupe wa manjano unaorudishwa na mbao za kiti, na weupe wa kijivu chini ya pindo. Nilichanganya wote. Jioni ya pili nililainisha mwanga unapoingia kivulini mpaka vidole vikaniuma. Jioni ya tatu nikaongeza tabaka jingine jembamba, na jingine. Nikarudi nyuma kutazama. Nilikuwa nimechora ukungu juu ya kiti. Kila rangi ilikuwa mahali pake, ila taulo halikuwa na uzito hata wa unyoya. Ungefungua dirisha lingeondoka.

Jioni ya nne wenzangu walikwisha kuhamia kazi nyingine. Brashi yangu ndogo ilikuwa imebaki kishina, na nyeupe niliyoilainisha ilianza kushikana kwenye paleti, ule ubao wa kuchanganyia rangi. Ningependa kusema nilipata wazo la kisanaa, lakini nilichokuwa nacho ni hasira. Nilikamua tyubu ya nyeupe ya titani, nikaikunja kutoka mkiani kama mtu anayetafuta dawa ya meno ya mwisho, nikachota bonge zima kwa kisu na kulibandika pale taulo linapovunjikia juu ya mgongo wa kiti. Kisha nikalivuta chini mara moja tu. Mkono ulipita njia ileile ya kitambaa: ukapanda kidogo, ukageuka penye ukingo wa mbao, ukaanguka. Nikainua kisu.

Taulo likakaa.

Nasema likakaa kwa sababu sina neno jingine. Lilikuwa na mgongo. Lilikuwa na upande wa kule nisiouona. Sikuwa nimeongeza kivuli chochote. Lile tuta la rangi lenyewe lilitupa kivuli chembamba chini yake, na juu likanasa taa. Siku tatu nilikuwa nikiigiza mwanga, na sasa mwanga umekuja wenyewe kutua. Nikabandika la pili, nikabandika la tatu. Pindo nikalifanyia kwa ncha ya kisu, likatoa vinyuzi vilivyosimama. Nilikuwa nacheka peke yangu na rangi imenifika kwenye kiwiko. Nakumbuka hata sauti: kisu kikigusa kitambaa kilichokazwa vizuri hutoa mlio kama wa ngoma ya mbali, na kadiri rangi inavyozidi mlio unazibwa, mpaka mwisho pakawa kimya kabisa. Kama ningekuwa na tyubu ya pili ningechora taulo mpaka ukutani.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu. Alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu aanze kukiri makosa mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, "unachora au unapiga lipu?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, kile kicheko cha kujikinga.

"Nachora, Mwalimu."

"Nyeupe hiyo ingetosha picha kumi. Huu ni ubadhirifu."

Kisha akainama, akatazama taulo kwa ubavu, shavu lake likikaribia kugusa kitambaa. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Akanyanyuka bila neno, akaenda kwa mwenzangu wa jirani. Ule muda aliokaa ameinama nimeufikiria kuliko maneno yake.

Basi nikatoka pale nikiwa wakili. Nilikusanya mashahidi. Shahidi wa kwanza Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya kumi na saba: kwenye picha yake iliyoko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, ile inayoitwa Bibi Harusi wa Kiyahudi, mkono wa vazi la dhahabu la yule mwanamume umejengwa kwa rangi nene hasa, mabonge kwa mabonge, na ndio unaoufanya mkono wa mtu uwemo ndani ya nguo. Houbraken, aliyeandika habari za wachoraji wa Uholanzi mwaka 1718, alitania kwamba kuna picha ya mtu ya Rembrandt ambayo ungeweza kuiinua kutoka sakafuni kwa kuishika pua. Na mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba ndani ya rangi zake nene wamekuta plumbonakriti, msombo adimu wa madini ya risasi, dalili kwamba huenda alitia oksidi ya risasi katika mafuta yake ili rangi isimame na isiporomoke. Mbadhirifu gani anajisumbua hivyo na kemia?

Shahidi wa pili mchoraji Van Gogh, bila shaka, ingawa wote mnamtaja. Mimi namtaja kwa sababu ya panzi. Picha yake moja ya mizeituni ya mwaka 1889, iliyoko kwenye makumbusho ya Nelson-Atkins, Kansas City, ina panzi aliyenaswa ndani ya rangi, na wahifadhi walimtangaza mwaka 2017. Panzi huyo hathibitishi chochote katika hoja yangu. Nampenda tu. Na kama Mmarekani John Goffe Rand asingesajili tyubu ya bati ya kuwekea rangi mwaka 1841, rangi ingekuwa bado inabebwa kwenye vibofu vya nguruwe, na huko mizeitunini isingekwenda rangi ya kutosha kumnasa mdudu.

Nilipofika hapa nilikusudia kufunga kesi. Lakini nikisoma nilichoandika, naona mashahidi wangu wananigeuka.

Ule mkono wa dhahabu unasimama kwa sababu pembeni yake pamepakwa hafifu. Vivuli vya Rembrandt ni vyembamba, karibu uone hadi chini. Unene anauweka penye mwanga, na si kila penye mwanga. Mimi sikuliona hilo. Baada ya taulo nilichora miaka miwili kama mtu aliyefunguliwa kamba. Anga nzito, ukuta mzito, shavu zito, hata giza la chini ya meza nililipiga kwa kisu. Picha zikatoka bapa. Bapa! Rangi ina kimo cha kidole na umbo hakuna, kwa sababu matuta ya kila mahali yalinasa taa sawasawa, na jicho likakosa pa kuanzia. Pua inayoweza kushikwa bado haijawa pua. Taulo lilikaa kwa sababu kisu kilifuata mwendo wa kitambaa, na kwa sababu zile jioni tatu za ukungu zilikuwa chini na pembeni yake zikimsubiri mtu mwenye hasira.

Kuhusu ubadhirifu nao, tuwe wakweli. Frank Auerbach, mchoraji wa London, alikuwa akikwangua kazi ya siku nzima na kuanza upya, siku baada ya siku, kwa hiyo rangi nyingi aliyopaka haikubaki kwenye picha yoyote. Jay DeFeo wa San Francisco alianza picha yake The Rose mwaka 1958, akaifanyia kazi karibu miaka minane mpaka ikafikia uzito wa karibu tani moja. Ilipotakiwa kutolewa nyumbani kwake ilipitishwa dirishani, na sehemu ya ukuta ilibidi ikatwe. Sitathubutu kumwambia mtu kwamba hakuna kilichopotea hapo. Kilichopatikana nakiona pia, ila kupotea kulikuwapo.

Halafu kuna lililolipata taulo lenyewe. Nililitundika kwangu. Mwaka wa nne, usiku, nikasikia kitu kimedondoka sakafuni kama kifungo cha koti. Lilikuwa lile bonge la kwanza, la pale taulo linapovunjikia. Sababu naijua. Rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza maji. Mafuta ya kitani hula hewa ya oksijeni taratibu, ngozi ya juu ikikaza kwanza na ndani kukibaki kubichi miezi, au miaka kama ni nene. Wakati huohuo yale matabaka membamba ya chini niliyapaka kwa nyeupe ya zinki, ambayo tulipewa kwa sababu ni nyepesi na inapenyeza mwanga, na zinki ikizeeka huwa kavu na yenye kuvunjika. Bonge zito, bichi moyoni, limekalia kitu chenye kuvunjika. Ningeweza kumrushia mwalimu lawama, kwamba kilichovunjika ni ulaini wake. Lakini aliyebandika ni mimi, tena kabla ya chini hakujakauka. Nilikata lile bonge kwa wembe. Ndani lilikuwa laini kama nta iliyowekwa juani, na harufu ya mafuta ikatoka kana kwamba ni jioni ileile.

Kwa hiyo jibu langu, kama mna kisanduku cha kuweka alama: wekeni ubadhirifu. Najua nilivyoanza. Kwa anayejifunza mwaka wa kwanza ni ubadhirifu bila mjadala, na wanafunzi wangu mwenyewe nawauliza kama wanapiga lipu, bila kuwaambia swali nimelirithi wapi. Kwa picha iliyo nzito kila pembe, vilevile. Naacha mlango wazi kwa mahali pamoja au pawili katika picha, ambapo mkono umekwisha kulijua umbo na rangi nyembamba imefika mwisho wa uwezo wake. Hapo sijui niite nini, na msinilazimishe kuita ustadi, kwa sababu mara ya kwanza ilinitokea nikiwa nimekasirika tu.

Bonge sikulirudisha. Mahali pake pana shimo, na ndani ya shimo unaona mabaki ya ule ukungu wa jioni tatu, laini kama mwalimu alivyotaka. Wageni hulisogelea wakaniuliza taulo limepatwa na nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama ni taulo.