Naenda kwenye uwanja wa mbio nisioujua: ninunue matairi?

SWALI: Habari fundi. Nina sedani ya kawaida ya gia za mkono. Nimeshaendesha siku nne kwenye uwanja wa mbio ulio karibu nami, zile siku ambazo uwanja hufunguliwa kwa sisi madereva wa kawaida, bila mashindano. Wiki tatu zijazo nakwenda kwenye uwanja ambao sijawahi kuukanyaga. Nimeuchezea kwenye gemu ya kompyuta mpaka kona zake naziota. Nina akiba kidogo, nafikiria kununua matairi ya mbio. Ninunue? Na kuna kingine cha kuandaa?

JIBU: Matairi yaache kwanza, ndugu yangu. Tairi la kawaida likizidiwa hulia, kisha huteleza taratibu, nawe unapata nafasi ya kurekebisha. Tairi la mbio hukaa kimya muda mrefu, na siku likiachia, linaachia ukiwa kwenye mwendo mkubwa zaidi. Kwa mtu ambaye bado hajui kona inaishia wapi, kelele ile ni msaada mkubwa.

Akiba yako iende kwenye breki. Gari likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara nne ya lile la kilomita 100, si mara mbili, na zote hizo breki huzigeuza kuwa joto. Halafu mgeni huzichosha breki kuliko mwenyeji. Kwenye uwanja wako unakanyaga mara moja kwa nguvu, unaachia, unaingia. Kule utaanza mapema kwa wasiwasi, utakanyaga nusunusu, utaachia, utakanyaga tena katikati ya kona. Diski hazipati nafasi ya kupoa.

Kinachoshindwa kwanza mara nyingi ni mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 4 (huandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa kwenye gari, na kiwango kinachokubalika kwa mafuta yaliyokwisha kunyonya maji ni nyuzi 155 tu. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubanika: unakanyaga, pedeli inazama kama umekanyaga sifongo, gari linaendelea na safari yake. Badilisha mafuta yote wiki ile ya kuondoka, fundi atoe hewa kwenye magurudumu yote manne. Pedi za breki zikiwa zimeshuka chini ya nusu, weka mpya na uzizoeze barabarani kabla ya siku yenyewe. Ukihisi pedeli inalainika, ipampu, punguza mwendo, zunguka polepole hadi breki zipoe, ndipo uingie kuegesha. Ukishaegesha usivute breki ya mkono, breki bado ni za moto. Weka gia na kabari kwenye tairi.

Sasa hiyo gemu. Imekupa mpangilio wa kona, na hilo si dogo. Kilichobaki ni miinuko, kwa sababu skrini huilaza milima. Kwenye uwanja wa Laguna Seca, Marekani, kuna kona iitwayo Corkscrew: unaingia bila kuona barabara inakwenda wapi, kisha chini yako panaporomoka kama mita 18. Hata uwe umeirudia mara mia kwenye kompyuta, tumbo lako halijaijua. Uwanja wa Nordschleife wa Ujerumani ndiyo usiseme, kilomita 20.8 za kupanda na kushuka msituni.

Kwa hiyo mizunguko ya kwanza, ile ya kufuata gari la mwalimu, usiitumie kujaribu gari. Tafuta alama. Kila kona nzito iwe na kitu kimoja cha kukuambia "kanyaga sasa", na kiwe kitu kisichohama: kibao cha kuonyesha mita zilizobaki kabla ya kona, ufa kwenye lami, mwisho wa ukingo uliopakwa rangi. Mimi niliwahi kuchagua gari jeupe lililoegeshwa nyuma ya uzio. Asubuhi nzima lilinitendea haki. Baada ya chakula cha mchana mwenyewe akaondoka nalo, nami nikafika kwenye kona ile natafuta gari badala ya kukanyaga breki. Nilimalizia kwenye kokoto. Na kivuli cha mti je? Nacho kinahama, kwa mwendo wake.

Kipindi cha kwanza endesha kwa gia moja juu ya ile ungeitumia kwenu, ili mkono utulie na macho yafanye kazi. Kona usiyoiona mwisho, kata usukani kwa kuchelewa kidogo. Ukikata mapema, barabara itakuishia wakati wa kutoka. Kona ya kuihangaikia zaidi ni ile inayokutoa kwenye sehemu iliyonyooka ndefu kuliko zote. Nyingine zitakuja zenyewe.

Jambo ambalo gemu nyingi hazigusi ni vituo vya wapeperusha bendera. Vihesabu na ujue kila kimoja kiko upande gani, maana bendera ya njano yenye mistari myekundu, yaani lami inateleza, haina faida ukiiona umeshaipita. Kwenye maelezo ya asubuhi uliza kupitana kunaruhusiwa wapi na upande upi. Kila uwanja una utaratibu wake.

Baada ya kipindi cha kwanza, nati za magurudumu zikishapoa, zikaze tena kwa spana ya kupimia mkazo. Upepo wa matairi upime mara tu unapoingia, yakiwa ya moto. Si ajabu kukuta umepanda psi 6 au zaidi, basi upunguze. Ila jioni yakishapoa yatakuwa na upepo pungufu, kwa hiyo beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari uyajaze kabla ya safari ya kurudi.