NFT ya katuni na hakimiliki

Kaka, umeuliza kama ukinunua NFT ya katuni (cheti cha kidijitali cha mchoro) unaweza kuuprinti mchoro wake kwenye matisheti uuze hapo Mtwara mjini. Hapana, kuinunua hakukupi ruhusa hiyo, unachopata ni tokeni tu, yaani rekodi ya kidijitali kwenye blokucheni (daftari la pamoja la mtandaoni), hakimiliki inabaki kwa mchoraji au kampuni. Ni kama kinyago cha Kimakonde, unaondoka nacho ila ubunifu bado wa fundi. Mzee José Delbo, aliyechora vibonzo vya Transformers na Wonder Woman, aliuza NFT 2021 akiwa na miaka 87 (mi namheshimu sana kwa hilo), na Machi hiyohiyo DC, kampuni yenye Wonder Woman, wakawaandikia wachoraji barua kwamba wahusika wa kampuni wasiuzwe kama NFT bila ruhusa. Labda masharti ya mauzo yawe yamekupa haki hiyo kwa maandishi, yasome kwanza.