Dai la sare: andika kwanza, usiguse kete

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mwamuzi wa sataranji alikataa dai lako la sare, ile inayodaiwa hali ileile ya ubao ikitokea mara ya tatu, ilhali malkia wako alishafika mraba wa h5 mara ya tatu, mfalme wa mpinzani akiwa palepale h7. Nimeipitia karatasi yako ya hatua. Hesabu yako ni sahihi: hatua ya 38, ya 40 na ya 42. Kosa lilikuwa la mkono. Ulimsogeza malkia, ukabonyeza saa, ndipo ukatamka "sare". Saa ikishabonyezwa zamu ni ya mwenzako, na anayeruhusiwa kudai ni mwenye zamu.

Mpinzani aliporudisha mfalme h7 kwenye hatua ya 41, hukupaswa kugusa kete yoyote. Ungeandika malkia h5 kwenye karatasi, usimamishe saa, umwite mwamuzi na kumwambia kwamba hatua hiyo italeta hali ileile mara ya tatu. Kuandika hatua kabla ya kuicheza ni marufuku kwa kawaida, lakini kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinakuruhusu pale unapodai sare. Ukigusa kete, haki imekwisha kwa zamu hiyo.

Hata baada ya hatua yako ya 42, kama mpinzani angerudisha mfalme g8, hali hiyo nayo ingekuwa imetokea mara ya tatu na ungedai papo hapo. Hakurudi. Alikuwa akirudia tu ili avuke hatua ya 40 apate muda wa nyongeza. Alipoupata akaziba cheki, yaani shambulio kwa mfalme wake, kwa malkia h6, mkabadilishana malkia, na askari wake wawili wa ziada wakamaliza kazi. Inauma, mwanangu, najua. Kwa K yako ya 20 (namba inayoamua reti, yaani alama zako za kiwango, ipande au ishuke kiasi gani), dhidi ya mtu anayekuzidi reti 200, sare ingekuongezea alama 5.2, kushindwa kumekukata 4.8.

Usidai kwa kubahatisha pia. Dai lisilo sahihi humwongezea mpinzani dakika 2, na hatua uliyoiandika lazima uicheze. Hesabu hali za ubao, si hatua: hazihitaji kufuatana, ila mwenye zamu awe yuleyule na haki ya kujengea mfalme ngome isiwe imebadilika. Ile ya kwanza kabisa, iliyotokea kabla marudio hayajaanza, nayo imo kwenye hesabu. Wengi huisahau.

Hali ileile ikitokea mara 5, mwamuzi anamaliza mchezo mwenyewe, bila dai la mtu.

Mama yako