Kimya cha kutoka Mokowe

Timu yetu ya watoto ikitoka kucheza bara, gari hutushusha Mokowe. Hapo tunapanda mashua na kuvuka hadi kisiwani kwetu Amu, yaani Lamu. Mvuko wenyewe ni mfupi, lakini kwa mtoto wa miaka 12 aliyefungwa mabao manne, ni mrefu kuliko barabara yote ya kutoka Malindi. Ndani ya mashua hiyo nina sheria moja, na wazazi wanaotusindikiza wameshaizoea: hakuna anayezungumzia mechi mpaka tuguse ngazi za gati. Si mimi, si baba, si mchezaji mwenzake. Anayetaka kulia analia, anayetaka kulala analala. Biskuti zinapita, maji ya kunywa yanapita, basi.

Sheria hii niliipata kwa kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita tulitolewa kwenye mashindano kwa penalti. Kipa wetu alikuwa na miaka 13. Penalti ya mwisho ilipigwa kidhaifu, akaifikia, mpira ukamteleza mikononi ukaingia. Ndani ya mashua nikamwambia mbele ya wenzake, "Mpira ule hata ndugu yako mdogo angeudaka. Ulikuwa wapi?" Hakujibu. Wenzake nao wakaanza, kila mmoja na lake, kwa sababu mimi mtu mzima ndiye niliyewafungulia mlango. Jumatatu hakuja mazoezini. Wiki ya pili pia hakuja. Kisha mamake akanikuta njiani nikitoka msikitini, akaniambia kwa upole ambao hadi leo unanichoma: "Mwalimu, mtoto hali, halali. Mumemwambiani?"

Nilikwenda kwao jioni ile ile. Nikakaa barazani na babake, tukanywa kahawa, nikaomba kijana aitwe, nikamtaka radhi. Kesho yake nikaikusanya timu nikamtaka radhi tena mbele ya wale wale waliosikia, maana niliyemtia aibu hadharani siwezi kumsafisha faraghani. Hakurudi. Alikaa nje msimu mzima, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Makocha wengi wa umri wangu tulilelewa kwa maneno makali, na tukiulizwa tunasema, "Sisi tulitukanwa na bado tulicheza." Hoja hiyo inahesabu waliobaki. Mimi nimekaa nikawahesabu walioondoka: watoto niliocheza nao mchangani, wenye miguu mizuri kuliko yangu, waliokwenda nyumbani siku moja na hawakuonekana tena. Hao hawamo kwenye hadithi zetu za ukakamavu.

Ninachoamini sasa ni kwamba mtoto lazima ashindwe, tena mara nyingi, wala asikingwe na kushindwa. Lakini kila anaposhindwa ajue mambo mawili: nafasi yake kwetu haijapungua, na kesho kuna kazi mahususi ya kufanya. Akikosa la kwanza anavunjika. Akikosa la pili anazoea kushindwa.

Kazi hiyo ya kesho tuliipa jina kutoka baharini. Babu yangu alikuwa nahodha. Upepo ukija usoni, jahazi haliwezi kwenda moja kwa moja, nalo halirudi lilikotoka. Linakwenda bisha, upande huu kisha upande ule, na kila mgeuko linasogea mbele kidogo. Watoto wa Amu wanalijua hilo bila kufundishwa, wameliona kwenye mashindano ya majahazi wakati wa Maulidi. Basi sisi tukifungwa bao, kapteni wa timu anapaza sauti: "Bisha!" Maana yake ni kwamba pasi 5 zinazofuata ni fupi, za miguuni, na hakuna anayekimbilia kurudisha bao peke yake. (Refa mgeni akija, namweleza mapema kwamba hawabishani naye.) Mtoto aliyefungwa anahitaji kitu cha kufanya na miguu yake dakika ile ile. Ukimwambia "tulia, usihuzunike," hujampa kitu.

Haya hayafundishwi siku ya mechi. Penalti tunapiga mwisho wa mazoezi, baada ya kupanda na kushuka vilima vya mchanga vya Shela, miguu ikiwa imekwisha, na wenzao wakipiga kelele nyuma ya goli. Kila mpigaji ana utaratibu wake na haubadilishi: mmoja anaweka mpira, anarudi hatua 4, anatoa pumzi ndefu, anapiga. Akikosa anarudi kwenye foleni kama aliyefunga. Hakuna adhabu ya kukimbia. Nimeona mtoto aliyeadhibiwa kwa kukosa akianza kujificha nyuma ya mwenzake foleni inapomfikia.

Jambo jingine ni sifa, na hapa wazazi wanisamehe. Tunapenda kumwita mtoto "Messi wetu". Nilikuwa na mmoja wa miaka 10 aliyeitwa hivyo mtaa mzima. Alikuwa na mguu wa kushoto wa ajabu, na kwa mwaka mzima alikataa kuutumia wa kulia, hata mazoezini. Angewezaje? Messi hapigi mpira ukaenda kando. Mwaka 1998, watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la 5. Watoto walipewa mafumbo. Walipofaulu, baadhi waliambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamejitahidi. Waliosifiwa akili walipendelea kazi rahisi baadaye. Walipoletewa mafumbo magumu walikata tamaa upesi zaidi, na baadhi yao wakadanganya kuhusu alama walizopata. Niliposoma hayo nilimwona yule mtoto wangu na mguu wake wa kulia. Kipaji anatoa Mungu, nasi tunashukuru. Lakini tukimsifu mtoto, tusifu alichofanya: "Uliangalia kabla ya kupokea mpira." "Ulirudi kukaba ingawa ulikuwa umechoka." Sifa ya namna hiyo anaweza kuirudia kesho kwa mikono yake mwenyewe.

Halafu kuna mwili, ambao tunausahau tunapozungumzia moyo. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 13 au 14, wasichana karibu miaka miwili mapema. Katika miezi hiyo mtoto aliyekuwa mwepesi anaweza kuwa mzito ghafla, anajikwaa, chenga zake zinakataa, magoti yanamuuma chini kidogo ya kifuniko. Tunasema amekuwa mvivu, au simu imemharibu. Sivyo. Miguu imekuwa mirefu na mwili bado unajifunza kuitumia. Mwambieni hivyo waziwazi, mpunguzieni mikimbio ya kuruka, msubirini. Na yule mfupi anayesukumwa na kila mtu leo, huenda mwili wake haujaanza safari bado. Msimwondoe.

Kuondoa watoto kwenye kikosi ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Zamani nilikuwa nabandika orodha ukutani nikaondoka. Siku hizi kila aliyeachwa namwita peke yake, namtajia jambo moja la kufanyia kazi na siku nitakayomtazama tena. Kisha namhadithia Eliud Kipchoge. Watoto wote wanajua kwamba tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wachache wanajua kwamba mwaka 2012 hakuingia kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Alikuwa ameshakuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, mwenye medali mbili za Olimpiki, na akaachwa nyumbani. Mwaka uliofuata akahamia marathoni na kushinda ya kwanza, Hamburg. Siwaambii kwamba nao watakuwa Kipchoge. Nawaonyesha kwamba kuachwa hutokea hata kwa mtu wa namna ile, na kwamba alibadilisha njia bila kuacha kukimbia.

Kuna mahali ambapo neno "vumilia" ni kosa, nami nalisema kwa sauti kila mwaka kwenye kikao cha wazazi. Mtoto aliyegongwa kichwa na kuona kizunguzungu hachezi tena siku hiyo, hata ikiwa ni fainali, na anapelekwa kwa daktari. Maumivu yasiyopungua akipumzika si ya kuvumiliwa. Na mtoto anayebadilika ghafla, anayeogopa mtu fulani mkubwa uwanjani au nyumbani, hahitaji ukakamavu, anahitaji kusikilizwa na kulindwa. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure. Mwacheni aijue.

Yule kipa? Baada ya msimu ule nilimwomba anisaidie kuwafundisha wadogo wa miaka 8 kudaka. Sikumtajia kurudi langoni. Tunafanyia mazoezi ufuoni siku ambazo maji yamekupwa alasiri baada ya chuo, yaani madrasa, na kwa kuwa kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, saa ya mazoezi nayo husogea. Ni juu ya mchezaji mwenyewe kuuliza saa, si mamake. Kwa wiki nyingi kijana alisimama nyuma ya goli la vijiti akiwarekebisha wadogo mikono. Siku moja nilifika nikamkuta ameshavaa glavu.

Mwaka jana tulifungwa tena bara, bao la dakika za mwisho, kona iliyompita juu ya vidole. Tulivuka kimya kama kawaida. Alikaa mbele ya mashua, mgongo kwetu, mkono mmoja ukigusa maji. Tulipofika gatini akapanda ngazi, akasimama, akanigeukia.

"Kocha, kesho maji yanakupwa saa ngapi?"